Milioni tatu za wasiojiweza: mchele, kikundi chao, au kikundi chetu?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha kinamama katika shehia moja ya pwani, Wilaya ya Micheweni, Pemba. Shehia yetu ina vikundi vitano vya namna hii na wengi wetu tunalima mwani. Jamaa zetu walioko Maskati wamechanga shilingi milioni tatu, wanataka ziwafae wasiojiweza. Baadhi ya wenzangu wanasema tununue mchele na mafuta, tugawe, tuwe tumemaliza. Wengine wanasema tuwafungulie watu hao kikundi chao. Mimi niliwahi kusikia kwenye semina kwamba uchumi wa kijamii unawaingiza watu waliotengwa, lakini sikufahamu vipi. Ninaowafikiria ni wajane watatu, kijana kiziwi anayejua kushona, mzee asiyeona, mama anayelea mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na kijana aliyerudi kutoka soba hausi (nyumba ya kuwasaidia wanaoacha dawa za kulevya) ambaye watu bado hawamuamini. Tuanzie wapi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu.

Nitakupa jibu kwanza, maana pesa mnazo mkononi na naamini maneno yameshaanza mtaani. Mchele nunueni kidogo tu, kwa yule mwenye njaa ya leo. Kikundi cha peke yao msiwafungulie. Vikundi mlivyonavyo vilegezeeni masharti mpaka watu hao waweze kuingia, kisha katika kazi yenu ya mwani tengenezeni sehemu ambayo watafanya kazi, watalipwa na watapiga kura sawa na nyinyi. Fungu kubwa la hizo milioni tatu liende huko.

Huo uchumi wa kijamii uliousikia semina ni shughuli yoyote ya kuzalisha, kuuza au kuhudumia ambayo watu wameungana kwa hiari yao, wanaiendesha wenyewe kwa kura, na faida yake inamtazama mtu kabla ya kutazama mtaji. Ushirika umo, vikundi vya kuweka na kukopa vimo, mifuko ya kuzikana na jumuiya zinazouza huduma zimo. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha maana ya namna hiyo Juni 2022, na Aprili 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kuzihimiza nchi ziuendeleze. Pemba hamkungojea azimio. Upatu mmecheza tangu enzi za bibi zenu, na vikundi vya sanduku, yaani hivi hivi vya kuweka na kukopa, vimeenea Unguja na Pemba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tatizo ni kwamba vikundi hivi, kwa namna vinavyoundwa, humuacha nje yule yule mnayetaka kumfaa. Kikundi cha sanduku kina watu kumi na tano hadi thelathini waliochaguana wenyewe. Hakuna hati ya nyumba wala dhamana ya benki. Dhamana ni kule kujuana. Kwa hiyo kila anayeunda kikundi anamtafuta mwenzake anayeweza kuleta hisa kila wiki bila kukosa. Mjane anayeokota chaza hatafutwi. Kiziwi hatafutwi. Mkono mtupu haulambwi, na wanakikundi hawana nia mbaya wanapofanya hivyo, wanalinda akiba zao. Lakini tazama kinachotokea baada ya miaka mitatu minne: waliomo wameezeka bati, wamelipia skuli, wana mtaji wa duka, walio nje wako pale pale, na sasa hata kukopeshana kwa mdomo kumepungua kwa sababu pesa za majirani ziko sandukuni. Kikundi kizuri kinaweza kabisa kuongeza umbali kati ya jirani na jirani. Ndiyo maana siridhiki mtu akiniambia shehia yake ina vikundi vingi. Nauliza nani hayumo.

Chukueni katiba ya kikundi chenu muisome sharti kwa sharti, huku mkimfikiria mmoja wa wale wajane. Hisa ni shilingi ngapi? Kama hisa moja ni 2,000 na kila wiki lazima ununue angalau moja, mlango umeshafungwa hapo. Ishusheni iwe 500, na anayeweza zaidi anunue hadi tano kwa kikao, kama kawaida ya vikundi hivi. Ruhusuni pia wiki za sifuri. Watu wenu wanaishi kwa bamvua: pesa huingia maji yanapotoka mbali, na maji mafu yakija mfuko hukauka. Kumtoza faini mtu kwa kukosa hisa siku ya maji mafu ni kumtoza faini kwa mwendo wa mwezi.

Sharti jingine liko katika katiba nyingi na sijaona kikundi kinachokaa kulijadili: mwanachama akikosa vikao vitatu au vinne mfululizo, anafutwa. Mwanamke akifiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hesabu mwenyewe ni vikao vingapi hivyo kwa kikundi kinachokutana kila wiki. Yaani siku anayoihitaji sana akiba yake na wenzake ndiyo siku katiba inaanza kumhesabia kutoka. Andikeni wazi kwamba eda ni ruhusa, kwamba hisa zake zinaweza kuletwa na mtoto au jirani, na kwamba msaada wa mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana ndani ya kikundi, umfikie nyumbani bila yeye kuomba. Sharti hili pekee litawaonesha wajane watatu kuwa safari hii mmewafikiria wao.

Kisha kuna riba. Micheweni wapo watu wengi, wazee hasa na wacha Mungu, ambao hawaingii vikundini kwa sababu mkopo unarudi na nyongeza. Msiwabishie wala msiwaone wakale. Imani ya mtu isiwe sababu ya kumkosesha mtaji. Zipo njia zinazokubalika: kikundi kinanunua kitu chenyewe, tuseme kamba au gunia la unga, kinakimiliki kweli, kisha kinamuuzia mwanachama kwa bei iliyotajwa wazi naye analipa kidogo kidogo, au kikundi kinaingia ubia naye katika biashara moja na kugawana faida na hasara, au mkopo mwema usio na nyongeza, kwa dharura ndogo ndogo kutoka mfuko wa jamii. Kila njia ina masharti yake katika fiqhi, kwa hiyo kaeni na sheikh mnayemuamini kabla hamjaandika, mwelezeni pesa zinavyoingia na kutoka sandukuni, na yeye awaambie wapi panafaa na wapi hapafai. Kazi ya jioni moja, na itawafungulia mlango watu ambao mmewakosa miaka yote.

Kuhusu daftari sina wasiwasi. Vikundi vya sanduku vilibuniwa kwa watu wasiosoma: kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kitabu, jumla ya pesa inatangazwa kwa sauti mwisho wa kikao na wote wanatakiwa kuikumbuka kikao kijacho. Mzee asiyeona ataifahamu hesabu hiyo pengine kuliko nyote, mradi anayehesabu noti aseme kila noti anapoiweka. Kwa kijana kiziwi fanyeni kinyume chake: kila tarakimu ioneshwe kwa vidole au kwa ubao, na wanachama wawili wajitolee kujifunza lugha ya alama. Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA, na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, ambao upo tangu miaka ya 1980, ndio wa kuwauliza mafunzo yanapatikana wapi.

Nimewataja UWZ makusudi, maana utaniuliza: mbona wao wana umoja wao, na wewe unatukataza kuwafungulia kikundi chao? Umoja wa kudai haki ni jambo moja, na hapo watu wenye ulemavu wanapaswa kusema kwa sauti yao wenyewe, bila sisi kuwasemea. Biashara ni jambo jingine. Ukiwakusanya watu saba ambao wote hawana mtaji, hawana mnunuzi na hawana jamaa mwenye gari, unakuwa umekusanya upungufu mahali pamoja. Katika kikundi chenu kuna mwenye ndugu Wete, kuna anayejuana na mnunuzi wa mwani, kuna mwenye simu ya kupokelea pesa. Hivyo ndivyo wanavyovikosa hao saba, na havigawiki kama mchele. Vinapatikana kwa kukaa pamoja. Tena kikundi cha "walemavu na wajane" kikishapewa jina hilo, kila atakayepita atakipa sadaka na hakuna atakayekipa oda.

Lakini kuingia kikundi cha akiba hakutoshi. Mtu asiye na kipato ataweka nini? Hapo ndipo panapohitajika kazi.

Tazama mwani wenyewe. Ulipoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kule Paje na Jambiani, uliwaingiza kwenye mzunguko wa pesa wanawake ambao uchumi ulikuwa hauwahesabu. Haukutaka ngalawa, wala shamba la urithi, wala cheti cha skuli. Kampuni za kununua zilitoa kamba, mwanamke akaleta mikono yake, na pesa alizopata zikawa zake. Mpaka leo wakulima wa mwani walio wengi ni wanawake, na Pemba ndiko unakotoka mwani mwingi zaidi wa Zanzibar. Ni mfano mkubwa wa watu kuingizwa, tena ulifanyika bila semina. Lakini kwa miaka mingi mkulima huyo hakuwa na neno katika bei. Aliyempa kamba ndiye aliyenunua, kwa bei aliyoitaja yeye. Bahari ilipozidi joto, aina ya mwani iitwayo kotonii, ambayo ndiyo yenye bei nzuri, ikaanza kuoza na kukatika mashambani, na wengi wakabaki na spinosamu ya bei ya chini. Kazi waliipata, usemi hawakuupata. Ndiyo maana naheshimu sana juhudi za kongano la mwani Zanzibar (muungano wa wadau wa mwani), lililoanza mwaka 2006 na ambalo mtafiti Dk. Flower Msuya amekuwa mstari wa mbele kulijenga, za kuwafundisha wakulima kusaga mwani, kutengeneza sabuni na kuuza kitu chenye thamani zaidi ya gunia la majani makavu.

Somo la pili nalichukua mbali kidogo, mji wa Trieste, Italia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari Franco Basaglia alikuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili pale. Wagonjwa walikuwa wakifagia na kupiga deki wodi, wakiambiwa ni sehemu ya tiba, na hawalipwi mshahara. Wakaunda ushirika, ukapewa mkataba wa usafi, na wafanyakazi wake wakalipwa ujira wa kazi. Ufagio ulikuwa ule ule, lakini aliyeushika sasa alikuwa mwanachama mwenye mkataba. Kutokana na majaribio ya namna hiyo Italia ikapata sheria ya mwaka 1991, namba 381, ya vyama vya ushirika wa kijamii. Katika aina moja ya vyama hivyo, angalau asilimia 30 ya wafanyakazi lazima wawe watu waliosukumwa pembeni: wenye ulemavu, wanaotibiwa maradhi ya akili, waraibu wa dawa za kulevya, waliohukumiwa wanaotumikia adhabu mbadala ya kifungo. Waliobaki ni wafanyakazi wa kawaida, na wote wako katika chama kimoja na soko moja. Serikali nayo inakisamehe chama michango ya hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi hao.

Nyinyi hamna sheria hiyo, lakini hakuna anayewazuia kuandika kiwango hicho katika katiba yenu: katika kila watu kumi wanaofanya kazi ya kikundi, watatu watoke miongoni mwa hao. Kisicho na idadi iliyoandikwa kitasahaulika mwaka wa pili.

Sasa kazi gani? Wengi watawashauri sabuni ya mwani. Ni bidhaa nzuri, ila isiwe ya kwanza. Wateja wake wakubwa ni wageni na maduka ya pwani ya mashariki Unguja, na nyinyi mko Micheweni. Kostiki soda inayotiwa ndani yake inachoma, inataka glavu, miwani na mtu makini. Sabuni yenyewe ikishakatwa inahitaji kukaa wiki kadhaa kabla ya kuuzwa. Halafu kuna viwango vya ZBS, taasisi ya viwango Zanzibar, na usajili wa vipodozi wa ZFDA, wakala wa chakula na dawa. Mtaji utalala. Anzeni na kazi ambayo tayari mnaihitaji wenyewe na mnaikosea mikono.

Unajua siku za bamvua zinavyokuwa. Mbegu ikishavunwa lazima ifungwe kwenye kamba, vitawi vidogo vidogo kila baada ya shubiri moja hivi, na irudi majini kabla bahari haijajaa. Ikikaa juani inakufa. Mwanamke mmoja hufunga, hubeba, hupiga vigingi, huvuna na kuanika, yote ndani ya saa chache. Kamba nyingi zinabaki tupu kwa sababu mikono haikutosha, na hizo ni pesa zilizolala. Jengeni banda la makuti karibu na ufuo, lenye mabenchi ya kukalia. Wakulima walete mbegu na kamba, waliomo bandani wafunge, walipwe kwa kamba. Mzee asiyeona atafunga kwa kupapasa, kazi hii ni ya vidole. Mama mwenye mtoto atapelekewa kamba nyumbani na kufungia chini ya mwembe wake, mbegu ikiwa kwenye ndoo ya maji ya bahari. Mtu asiyeweza kutembea mchangani hana haja ya kutembea.

Kazi ya pili ya banda hilo ni kuanika. Mwani wa kuanikwa chini huokota mchanga na takataka, na mnunuzi hupunguza bei au hupunguza uzito kwa kisingizio hicho. Jengeni vichanja. Vingine viwe vya urefu wa kiuno, vingine vya chini anavyoweza kuvifikia mtu aliyekaa, na njia katikati iwe pana ya kupita mwenye magongo. Miti msikate mikoko. Tafuteni mingine, au mianzi. Kisha kauzeni mwani wote wa banda pamoja, gunia zilizopimwa na watu wenu kwa mizani yenu. Hapo ndipo mtaanza kuwa na neno mbele ya mnunuzi.

Ujira wa kamba uwe mmoja kwa wote. Msimlipe mwenye ulemavu pungufu kwa kuwa "anasaidiwa", na msimlipe zaidi kwa huruma; vyote viwili vinamtia aibu. Najua wengine watakuwa wazito wa mikono. Kwa ajili yao gawanyeni faida ya mwisho wa msimu kwa siku ambazo mtu alihudhuria, sio kwa kamba alizofunga. Kwa hivyo mwepesi anapata haki yake kila bamvua, na mzito anapata yake msimu ukifungwa.

Kijana mshonaji msimlazimishe mwani. Ana ufundi mkononi, na kila mwaka wa masomo unapoanza wazazi wa shehia yenu hutoka kwenda kununua sare Wete au Chake. Vikundi vitano vikikubaliana kuchukua sare kwake, amepata msimu mzima. Kikundi kinunue cherehani, kimuuzie kwa awamu kwa ile njia niliyoitaja juu, na baadaye amfundishe mmoja wa mabinti wa wajane. Mkutano wa kupanga oda awepo mwenyewe, na bei ataje yeye.

Aliyetoka soba nimembakisha mwisho kwa sababu ndiye anayehitaji uangalifu zaidi. Soba hausi za Zanzibar kwa sehemu kubwa zinaendeshwa na watu waliowahi kutumia dawa hizo wenyewe. Wanakaa vikao, wanasimuliana, wanalindana. Kijana huyo anaujua utaratibu wa kusaidiana kuliko mnavyodhani. Mpeni kazi inayohesabika kwa siku, kama kubeba kamba na kupiga vigingi, ambapo jioni kila mtu anaona alichofanya. Ufunguo wa sanduku asipewe mwaka wa kwanza, na aambiwe kwa nini, faraghani, na mtu anayempenda. Muulizeni mwenyewe angependa kulipwa vipi: kila siku, kila wiki, au sehemu iwekwe hisa moja kwa moja. Wengi walio katika kupata nafuu hawataki kushika pesa nyingi taslimu kwa mara moja, lakini uamuzi huo ni wake. Na akiteleza, katiba iwe imeshasema nini kitafuata: anasimama kazi, hisa zake ziko salama, anarudi akiwa tayari. Bila kifungu hicho, siku akiteleza mtamfukuza kwa hasira, na mbele ya watu.

Tuje kwenye pesa. Kabla ya kutoa hata shilingi, waulizeni jamaa wa Maskati: hizi ni zaka au ni sadaka? Zaka ina wenyewe, wametajwa katika Qur'ani, na kauli ya wanazuoni wengi ni kwamba inatakiwa iingie katika milki ya anayestahiki. Haiwi mtaji wa kikundi wala bati la banda. Kama ni zaka, wapeni wanaostahiki mikononi mwao, kila mmoja fungu lake, na yeye mwenyewe akitaka anunue hisa au cherehani. Msimshike mkono. Kama ni sadaka, mgawo ningeupanga hivi: laki sita kwa dharura, chakula na dawa kwa wenye shida ya sasa; laki tisa kwa banda, vichanja na mizani; laki sita kwa kulipa ujira mpaka mwani wa kwanza uuzwe, ambayo ni kama wiki sita tangu kupanda na siku za kukausha juu yake; laki nne kwa cherehani na vitambaa, na ikibaki ianzishie hisa za wapya; laki tano zikae, zisiguswe mwaka mzima. Bei za kwenu mnazijua nyinyi, mtarekebisha, lakini fungu la ujira msilipunguze kamwe. Kazi nyingi za pamoja hufa kabla ya mauzo ya kwanza kwa sababu maskini hawezi kufanya kazi mwezi na nusu bila kula.

Mikopo isiyo na riba ya ZEEA, wakala wa serikali wa kuwawezesha wananchi kiuchumi Zanzibar, iko, na baadaye inaweza kuwafaa. Mwaka wa kwanza msikope. Deni la kikundi kichanga humfanya kila mtu atafute wa kumlaumu, na mnajua wenyewe vidole vitaelekea kwa nani.

Wazee msiwasahau kwa sura nyingine pia. Tangu 2016 Serikali ya Mapinduzi inalipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Katika shehia ambayo mapato ya wote hupanda na kushuka na maji, mzee ndiye mwenye kipato kisichokosa. Vikundi vinavyomkataa kwa umri vinakataa mwanachama mwenye uhakika kuliko wote. Kama mzee wako asiyeona amefika umri huo na jina lake halimo, sheha na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya ndio pa kuanzia, kabla ya banda.

Usajili usiwasumbue mwanzo. Vikundi vya sanduku vibaki kama vilivyo. Banda likishauza msimu mmoja, lisajilini kama ushirika kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Jumuiya isiyo ya kiserikali haikuundwa kwa kugawana faida, na kampuni inahesabu kura kwa hisa, kwa hivyo mwenye pesa ndiye atakayesema. Ushirika ni mtu mmoja kura moja. Kamati iwe na angalau viti viwili kwa hao waliokuwa nje, na kati ya funguo tatu za sanduku mmoja ashike mjane, kuanzia siku ya kwanza. Sheha apewe taarifa ya kila jambo na aheshimiwe, lakini ufunguo asishike.

Baada ya mwaka usihesabu majina kwenye orodha. Angalia nani kati yao alikopa, nani alibisha kikaoni na akasikilizwa, nani alichaguliwa. Kama wote saba wamo na hakuna aliyewahi kukopa wala kupinga jambo, bado wako nje, wamekaa tu ndani.

Waandikieni Maskati leo hilo swali la zaka. Wakishajibu, itisheni kikao cha vikundi vyote vitano kabla ya bamvua linalofuata, na hao saba wawepo wenyewe badala ya kutajwa tu. Kwa kuwa mama mwenye mtoto hatoki, muombeni kikao kifanyike barazani kwake. Akikubali, mikeka na chai mchukue nyinyi, asigharamie yeye.